Flashi Tupu Kule Wanale

Mbuzi wetu alikula kaptula ya baba. Naanza hapo kwa sababu kichwani mwangu mambo yanaanzia hapo, mnivumilie.

Baba alikuwa askari jela pale Jinja, na sisi tulizaliwa kambini. Ndiyo maana Kiswahili kwangu ni cha titi, si cha kuokota. Watu wa mjini wakitusikia tunakisema walivuta watoto wao pembeni, wakidhani tutawapiga, maana kwao ilikuwa lugha ya askari. Haya. Baba alikuwa na kaptula moja tu ya gwaride, ya khaki. Mama aliichovya kwenye maji ya muhogo kabla ya kuipiga pasi, ikikauka inasimama yenyewe kama ubao, ukiigonga inalia. Sasa mbuzi hajui khaki. Mbuzi anajua muhogo. Asubuhi ya gwaride tukakuta kwenye kamba kimebaki kiuno na vifungo.

Baba hakupiga mtu, hata mbuzi. Alikaa mlangoni na soksi zake ndefu akasema, "Mimi nikifa leo wataajiri mwingine kesho. Lakini kaptula hii watanidai mpaka kaburini." Akaazima kaptula ya jirani yetu, afande mmoja Mwacholi, mrefu kama mlingoti. Ilimpita magoti. Alipotoka nje, wake za askari waligeukia ukutani ili wasimcheke usoni.

Siku hiyo alikuwa amekuja mpiga picha wa kupiga askari mmoja mmoja. Aliitwa Mzee Farajala, Mnubi, naye mtoto wa askari wa zamani, mwenye studio karibu na soko. Baba akakataa kupigwa. Mzee Farajala akamtazama mara moja tu, juu hadi chini, akasema, "Afande, kamera yangu mimi haijui kitu kinaitwa chini ya mkanda. Simama tu." Akampiga kofia na kifua. Baba alikaa na picha ile mpaka alipokufa, na kila mgeni aliambiwa, "Huyu ndiye mimi." Hivyo ndivyo nilivyoiona mara ya kwanza kamera ya macho mawili, na hivyo ndivyo nilivyomjua mtu aliyenifundisha kazi.

Sasa nyinyi wanangu mnaopiga picha kwa simu mnanijia na simu hizo hizo kunionyesha kamera kama ile inauzwa ng'ambo, mbovu, kioo kina ukungu, na bei yake ni bei ya pikipiki. Mnacheka. "Mzee, ungekuwa nayo leo ungekuwa tajiri." Mimi nacheka na nyinyi, halafu mkiondoka silali vizuri. Niliwahi kuwa nayo shingoni miaka mingi. Ilibaki kidogo iwe yangu kabisa. Kwa nini sina, sijamwambia mtu, hata mama watoto wangu alidhani iliibwa. Niliishia darasa la nne, sijui kupanga maneno. Nitayatoa yanavyokuja.

Kwanza mjue bei. Mnasema bei ya pikipiki. Siku zile, miaka ya tisini, kamera ile ilikuwa bei ya kiwanja kule Walukuba pamoja na mabati yake. Mzee Farajala aliipata kwa Mhindi aliyekuwa mwajiri wake, na hata yeye hakujua angepata wapi ya pili. Springi moja ndani yake ilivunjika, ndogo kama ukucha wa kuku, tukaipeleka Nairobi, na studio ikala maharage miezi miwili. Filimu yake ni pana, na roli nzima inatoa picha kumi na mbili. Kumi na mbili tu! Wenye kamera ndogo walipiga thelathini na sita, wakaosha Kampala, zikarudi na rangi. Sisi roli zetu tulizisubiri kutoka Kenya kwa mpaka wa Busia, nyingine zimepitwa na tarehe, tunazishika kama mayai.

Lakini picha yake, wanangu! Ukiikuza ukubwa wa sinia, nywele za mtu zinahesabika. Ndiyo maana watu walikuja.

Kuitumia si mchezo. Huiweki jichoni. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unamtazama mtu kwenye kioo cha juu. Watu walidhani tunasali. Na katika kile kioo kulia ni kushoto. Harusi yangu ya kwanza, kule Budondo, bibi harusi akatoka kwenye kioo upande wa kulia, nami nikamfuata kulia, kumbe yeye anakwenda huku mimi nakwenda kule, nikaingia na viatu vyangu kwenye sufuria ya mchuzi wa karanga. Wapishi walinipiga kwa mwiko. Mzee aliposikia aliuliza, "Kamera imeguswa na mchuzi?" Nikasema hapana. "Basi wewe utapona."

Alinifundisha kuiweka kwenye bati lenye mchele uliokaangwa mkavu, kwa sababu unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye kioo. Alinifundisha kupakia filimu nimegeuzia jua mgongo. Na alinifundisha flashi tupu.

Hili la flashi tupu msilisikie vibaya mapema. Lilitokana na bei. Kwenye sherehe kila mlevi anataka kupigwa, na hatalipa. Ukimkatalia, ni ugomvi, na ugomvi karibu na kiwanja chenye mabati hauutaki. Kwenye mpini wa flashi kulikuwa na kitufe cha kujaribia. Unainamisha kichwa, unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, mwanga unapiga, mlevi anafurahi, anakwenda. Kamera yenyewe haina sauti, inafanya *tsk* kama mtu anayesikitika kidogo. Watu waliamini mwanga. Mwanga ndiyo picha. "Flashi tupu ni chumvi," Mzee alisema. "Kidogo, na si kwa kila mtu." Na neno jingine: tusitangaze mbele ya watu kwamba filimu imeisha. Kamera kubwa haiishiwi. Jina la studio lilikuwa limesimama juu ya hilo.

Na la tatu. Kila baada ya miaka miwili Bamasaba wa Mbale wanafanya jando, na sisi tulikuwa tunapanda kule na kamera, kwa kuwa wapiga picha wa Mbale wengi walikuwa na zile ndogo. Mzee aliniambia, "Kijana akisimama mbele ya ngariba, zima flashi. Mpige kwa jua la Mungu. Lile jicho lake si mali yako."

Kwa wasiojua: kijana wa Kimasaba anasimama uwanjani kwao, mchana, watu wote wakitazama, fimbo ameishika juu ya mabega, na anakatwa hapo akiwa wima. Haruhusiwi kutetemeka. Haruhusiwi hata kupepesa. Ngariba akimaliza, filimbi inalia, wanamfunika shuka, wanamkalisha kwenye kigoda, ni mwanaume. Akitikisika, watatunga wimbo, na wimbo ule utakuwepo hata wajukuu zake wakiota meno.

Mwaka ule alikuja studio mama mmoja kutoka Wanale, juu ya mlima, Mayi Nagudi. Alikuwa mjane. Aliketi kwenye benchi la wateja, miguu ina vumbi la safari, akaitazama kamera mezani bila kuisogelea.

"Hii ndiyo ile inatoa picha kubwa?"

"Ndiyo hii, mayi."

"Mimi sitaki ya ndogo. Ya ndogo watasema ni mtoto wa mtu mwingine."

Akatueleza bila kuona haya. Marehemu mume wake alipokatwa, zamani, alitikisika, wakamshika kwa nguvu. Maisha yake yote akiketi kwenye chungu cha pombe ya malwa, mtu akivuta mrija, anatingisha ule mrija kidogo tu, na wote wanacheka. Mwisho aliacha kwenda. Akanywa peke yake mpaka akafa. Sasa mtoto wao wa pekee, Wandeba, anasimama mwaka huu. Mama alikuwa ameuza kahawa yake ya msimu mzima. Alitaka picha ya Wandeba akiwa wima mbele ya kisu, macho wazi, ukubwa wa sinia, itundikwe mlangoni ili kila mpita njia aione.

"Wakiimba," alisema, "nitawaonyesha kwa kidole tu. Sitafungua mdomo."

Mzee Farajala akanipa roli moja. Moja ndiyo iliyokuwepo, nyingine zilikuwa bado njiani. Akanipa na neno ambalo nililisubiri miaka. Macho yake yalikuwa yamefifia, chumba cha giza cha kuoshea filimu kilimla. Akasema, "Ukitoka jando la mwaka huu, tutaandikiana. Kamera utaichukua wewe, utanilipa polepole. Lete tu kitu cha kuanzia."

Kitu cha kuanzia! Hapo ndipo nilipoharibika.

Nilifika Mbale siku moja kabla. Njiani kupanda Wanale, ngoma zinalia, watu wamelewa, wafanyabiashara wamekuja na magari yao kuonwa. Mmoja akaniambia, "Bwana, nipige na gari langu, hapa hapa, nakupa mkononi." Nikasema moyoni, moja si kitu. Nikampiga. Akataka na mkewe. Nikawapiga. Afande mmoja wa magereza akanijua kwa sura ya baba, nikampiga na yeye, akalipa vizuri. Kila noti niliyotia mfukoni niliiona ni kipande cha kamera: hii mkanda wake, hii kioo chake, hii jicho la juu. Sikutumia hata moja kwa soda. Ndiyo ujinga ninaoukumbuka zaidi. Sikuwa hata mlafi wa kula. Niliikata kamera vipande vipande kwa filimu ya mama yule.

Nilijiambia naacha tatu za Wandeba. Halafu mbili. Kesho yake asubuhi, wakimpaka kijana machicha ya pombe kichwani, wajomba zake wakataka picha ya ukoo, wanapiga kelele, mama yao mzee kabisa amebebwa kwenye kiti. Nitamkatalia nani? Nikapiga. Wakataka na ya pili, nikapiga. Nikazungusha. Kikaja kile kipini kuzunguka bila uzito, kama unazungusha maji. Imeisha.

Ningeweza kusema. Palikuwa na kijana mwingine mwenye kamera ndogo amesimama karibu na migomba, ningemwita, "Ndugu, piga wewe." Neno fupi tu. Lakini kamera kubwa haiishiwi, na mimi kesho naandikiana.

Wandeba akaletwa. Mrefu, mkimya, mwili mweupe kwa unga wa mtama, fimbo mabegani. Akasimama mahali pake akakazia macho mwamba wa Wanale uliokuwa juu yetu. Wanangu, nimepiga watu wengi. Sijaona mtu aliyesimama vile. Hata nzi aliyekuwa kwenye mdomo wake alikuwa amekosa adabu, si yeye. Mama yake alikuwa ndani ya nyumba, kama desturi, lakini mlango ulikuwa wazi kidogo, na niliona kidole chake kimenielekezea mimi: sogea, sogea.

Nikasogea. Nikainamisha kichwa kama ninayesali. Kwenye kioo nilimwona, kulia kwake ni kushoto, mzuri kabisa, yuko mle ndani na hakuna cha kumshika. Na sasa sikilizeni. Kama ningekuwa na filimu, ningezima flashi, nilivyofundishwa. Kamera ingefanya *tsk*, hakuna ambaye angesikia. Hata bila filimu ningeweza kuinama tu, basi. Lakini nilikuwa mtupu, na mtu mtupu anataka aonekane. Nilitaka uwanja wote ujue kwamba nimepiga. Kidole gumba kikabonyeza.

Mwanga ulimpiga usoni pamoja na kisu.

Akapepesa. Kichwa kikarudi nyuma kidogo, upana wa kidole kimoja, kama wewe mtu akikumulika tochi. Filimbi ikalia. Shuka likaja. Wanawake wakapiga vigelegele, vikaanza vizuri halafu vikapungua, kama mvua inayobadili nia.

"Ametikisika," akasema mtu nyuma.

"Hakutikisika!"

"Mimi niko na macho. Kama baba yake."

"Nyamaza, mlevi wewe!"

Na mama akatoka ndani. Hakulia. Alisimama katikati ya uwanja, karibu na kigoda cha mwanawe, akasema kwa sauti, kwa Kimasaba kwanza, halafu kwa Kiswahili ili hata wageni wasikie: "Picha itasema. Bwana huyu amepiga. Ni kamera kubwa. Si umepiga, bwana?"

Uwanja mzima ukanitazama.

Nikatikisa kichwa kusema ndiyo.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Sikuwa mtoto.

Mayi Nagudi alikuja Jinja mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nikamwambia picha bado iko kwenye maji. Akanishukuru. Akaniletea ndizi. Mara ya pili nikamwambia karatasi kubwa inatoka Nairobi. Akasema, "Harakisha, mwanangu. Wameanza kuimba. Na yeye hatoki nje, kidonda kimepona lakini hatoki." Zile ndizi za kwanza zilikuwa bado nyuma ya mlango, zimeiva hadi zimekuwa nyeusi, sikuweza kuzila wala kuzitupa.

Mara ya tatu alinikuta sipo, akazungumza na Mzee Farajala. Niliporudi Mzee alikuwa ameketi mlangoni na negativu zangu, amezishika juu ya jua, macho yake yale mabovu karibu yaguse. Gari. Gari na mke. Afande. Wajomba. Alihesabu kumi na mbili.

"Kijana yuko wapi?"

Nikageukia zile ndizi nyuma ya mlango.

"Flashi ulizima?"

Hapo ningeweza kusema uongo, nilikuwa nimeshazoea. Lakini kwake ulikataa kutoka. Nikasema, "Sikuzima, Mzee. Nilipiga tupu. Usoni."

Alizirudisha negativu kwenye bahasha moja moja mpaka muadhini wa alasiri akamaliza. Halafu hakunitukana, na hiyo ndiyo inayoniuma. Akasema, "Hii chumvi ni mimi nilikuonjesha. Nenda Wanale. Si kwa mama peke yake. Waombe wazee wake wakae, useme mbele yao: flashi ilimpiga, na ndani hamkuwa na filimu. Useme na jina la studio yangu. Kama litakufa, life. Halafu mpige kijana picha nzuri, amevaa shati, mwanaume." Akanipa kamera, na roli tatu zilizokuwa zimefika kutoka Busia siku ile. Tatu! Akanivalisha mwenyewe shingoni. "Ukirudi tutaandikiana," akasema. "Bado."

Nikaenda. Naapa nilikwenda nikiwa na nia. Njia nzima nilikuwa naisema ile sentensi, midomo inatembea, abiria mwenzangu akahama kiti.

Walikuwa wamenisubiri, kwa kuwa Mzee alishamwambia mama siku nitakayopanda. Mayi Nagudi alikuwa amefagia uwanja, amekusanya wazee watano na yule mjomba mkubwa, na nyuma yao majirani, hata wale waliokuwa wakiimba aliwaita, kwa makusudi. Kwenye ukuta juu ya mlango tayari kulikuwa na msumari. Wandeba alitoka ndani amevaa shati jeupe, akaja kunisalimia kwa mikono miwili. Macho yake hayakupanda kwenye uso wangu. Yalikaa kwenye mfuko wangu wa begani, palipokaa bahasha ya karatasi za kufungia filimu, akidhani ni picha yake.

"Mulembe, bwana," akasema mjomba. "Kaa. Tuonyeshe."

Nikakaa. Nikavua kamera shingoni nikaipakata. Mama alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa langu, alikuwa anawapa wale majirani.

"Wazee wangu," nikaanza.

"Eeh," wakaitikia.

Sentensi ile niliijua. Ilikuwa fupi kuliko ya kuombea kazi. Nikaitafuta mdomoni, nikakuta ulimi umelala.

"Picha," nikasema, "nimeiacha chini. Kwa gari. Naomba niifuate."

"Ah! Kijana aende akuletee," mjomba akasema.

"Hapana, iko kwa dereva, hatampa."

Nikasimama. Kamera nikaiweka juu ya kile kiti nilichokalia, taratibu, jicho lake limetazama mlango, ili waamini kwamba narudi. Nani anaacha kiwanja na mabati yake juu ya kiti cha watu? Mama akaifunika na kanga yake, jua lisiipige.

"Usikawie, mwanangu," akasema. "Chai iko tayari."

"Sikawii, mayi."

Nikapita migomba. Nikapita kisima. Pale njia inapogawanyika, gari halikuwepo, halikuwa limekuwepo hata mara moja. Nilishika njia ya upande wa Tororo kwa miguu, na sikugeuka, na Wanale na Jinja sijazikanyaga tena.